Ross O'Carroll-Kelly: miaka 26 ya mtoto wa kishua wa Dublin anayejisimulia mwenyewe (uzi mrefu)

BintiUluguru (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Humu nimekuta nyuzi za riwaya za Warusi, za Wanigeria, na za kina Shaaban Robert na Kezilahabi ndiyo usiseme. Za kuchekesha kutoka Ayalandi sijaona hata moja, basi ngoja nianzishe.

Naishi Dublin, mwaka wa sita huu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee upande wa kusini wa jiji. Kuna kijana mmoja wa huku ambaye hayupo duniani lakini kila mtu ana habari zake. Mtaje kwenye basi, mtaje kazini, utaona watu wanaanza kutabasamu kabla hujamaliza. Anaitwa Ross O'Carroll-Kelly.

Aliyemtunga ni Paul Howard, mwandishi wa habari za michezo. Ross alianza Januari 1998 kama safu ya gazetini, kwenye Sunday Tribune. Mwaka 2007 safu ikahamia The Irish Times. Katikati hapo vikaanza vitabu, vikafika zaidi ya 20, na riwaya ya mwisho, Don't Look Back in Ongar, ilitoka 2024. Vimeuzwa zaidi ya nakala milioni moja kwenye nchi yenye watu kama milioni 5. Ametiwa hadi jukwaani, kwenye tamthilia zilizojaza kumbi.

Ross ni nani? Ni mtoto wa kishua. Kwao ni Foxrock, kusini mwa Dublin, nyumba kubwa, gari kubwa. Amesoma shule ya kulipia inayoitwa Castlerock (ya kubuni hiyo, msiitafute kwenye ramani) ambako dini ya pili ilikuwa raga. Mwaka 1999 timu yake ilichukua kombe la shule za jimbo la Leinster, na tangu siku ile hakuna alichofanya duniani kinachofikia pale. Anazeeka kitabu baada ya kitabu, anaoa, anazaa, na bado anaizungumzia ile medali kama ya wiki iliyopita. Baba yake, Charles, ni mfanyabiashara wa viwanja na bahasha. Mama yake, Fionnuala, ni wa kamati na kampeni za kuwaweka mbali watu wasio wa hadhi yake. Mkewe, Sorcha, ana moyo mzuri na anamjua mumewe vizuri kupita kiasi.

Ili kuelewa utani lazima uelewe jiji. Mto Liffey unaikata Dublin katikati. Kusini ndiko ushuani, kaskazini ndiko uswahilini, ingawa ukweli si mnyoofu hivyo, kwa sababu kaskazini kuna mitaa ya matajiri na kusini kuna nyumba za halmashauri, zile za kupangishwa watu wa kipato cha chini. Lakini watu wanaishi na ule mstari kichwani. Hata namba za posta zimeufuata: witiri kaskazini, shufwa kusini. Kuna namba moja, Dublin 4, ambayo watu huitamka kana kwamba ni cheo.

Nitaendelea, naandika kwa simu.

BintiUluguru

Naendelea. Kitabu cha kwanza nilikinunua kwenye duka la mitumba la hisani, euro 2. Usiku nikakaa nikasoma kurasa mbili, nikakwama. Neno moja lilikuwa linarudi kila mstari: "roysh". Nikaangalia kamusi, halimo. Nikadhani ni jina la mtu. Nikafunga kitabu nikakitia kwenye mkoba.

Wiki hiyohiyo nilipanda treni ya DART kutoka Dún Laoghaire kwenda mjini. Ile reli inapita kandokando ya bahari, maji yako upande wa kulia, na siku hiyo yalikuwa yametoka mbali, mchanga mtupu. Pale Blackrock wakapanda vijana watatu wa sekondari, sare za shule, mifuko ya michezo mikubwa kuliko viti. Wakaanza kusimuliana mechi. Mmoja, kila baada ya maneno manne, anasema "right", lakini halitoki hivyo mdomoni mwake. Linatoka "roysh". Nikatoa kitabu. Nikafungua ukurasa uleule nikawa nasoma huku namsikiliza yule kijana, na kila sentensi ikafunguka. Mwandishi hakuwa amekosea tahajia. Alikuwa amerekodi sauti. Hata hiyo treni wenyewe hawaiiti DART, wanaiita "Dort", na lafudhi yao inajulikana kwa jina hilo.

Tukapita kituo cha Sydney Parade, na ndipo nikagundua kwamba kitabu kingine cha mfululizo huo kimepewa jina kutokana na kituo hicho: Should Have Got Off at Sydney Parade. Nikacheka peke yangu pale kitini, na mmoja wa wale vijana akageuka kunitazama.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, wakuu. Huyu mwandishi ana masikio. Hamsemi Ross vibaya hata mara moja. Amempa kipaza sauti, akakaa pembeni. Hata kwenye jalada imeandikwa kwamba ni maneno ya Ross O'Carroll-Kelly "kama alivyomsimulia" Paul Howard.

Mtoto wa Ilala

Dada BintiUluguru, nimesoma yote, hongera kwa kuandika. Ila niulize bila kuficha. Matajiri wanaandikiwa kitabu cha kuwacheka, wanakinunua wao wenyewe, wanacheka, wanalala salama. Sasa hiyo kejeli imemuuma nani? Mimi naona ni matajiri wamekodisha kioo chao.

Chaki Nyeupe

Nimeweka kambi hapa. Nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka nahangaika kuwaeleza vijana tofauti ya mwandishi na msimulizi. Wanadhani "mimi" ya kwenye riwaya ni mwandishi. Dada, hebu eleza kinaya hicho kinafanyikaje, maana kumpa mjinga nafsi ya kwanza kwa vitabu zaidi ya 20 bila msomaji kumchoka si kazi ndogo.

BintiUluguru

Mwalimu, nianze na wewe, halafu nimjibu ndugu wa Ilala kwa sababu majibu yenu yanakutana.

Ross ana sifa moja inayobeba kazi yote. Haelewi mambo, lakini anayaripoti kwa uaminifu. Baba yake akikaa na wakili wake, Hennessy, wakiongea kuhusu shamba lililobadilishwa matumizi likawa la kujengwa nyumba, Ross yupo pale, amechoka, anaangalia kama kuna msichana mlangoni. Anatupa maneno waliyosema, yote, bila kuyajali. Hajui kwamba ametupa ushahidi. Sisi tunajua. Mwandishi hana haja ya kutuambia "huyu mzee ni mla rushwa", na angetuambia kitabu kingekufa palepale.

Na msisahau, hayo hayakuwa ya kubuni tu. Ayalandi ilikuwa na tume ya uchunguzi kuhusu rushwa ya vibali vya viwanja iliyoanza 1997 na kutoa ripoti ya mwisho 2012. Miaka 15! Wasomaji walikuwa wanasoma habari za tume kwenye ukurasa wa mbele na habari za Charles O'Carroll-Kelly kwenye kurasa za ndani.

Kitu kingine: kabla ya Ross, mwaka 1996, Paul Howard aliandika kitabu kiitwacho The Joy, kuhusu maisha ndani ya gereza la Mountjoy, na kile nacho kimesimuliwa kwa sauti ya mfungwa mwenyewe. Si kitabu cha kuchekesha. Lakini kwangu ni ndugu wa damu wa vitabu vya Ross. Mtu aliyejifunza kumsikiliza mfungwa mpaka akaandika kwa pumzi yake ndiye aliyekuja kumsikiliza mtoto wa tajiri kwa subira ileile.

Sasa ndugu wa Ilala. Swali lako ni la haki na limeulizwa huku miaka yote. Ni kweli, wa kusini wanavipenda. Jibu langu ni kwamba kuumia kulikuja baadaye, mwaka 2008. Nipe muda niandike.

Kinyozi254

Dadangu, umenikumbusha mbali. Sisi Kenya tulikuwa na Whispers, safu ya marehemu Wahome Mutahi kwenye gazeti la Jumapili. Mwenye kusimulia ni Whispers mwenyewe, mwanamume wa vituko, na mkewe alikuwa anaitwa Thatcher. Baba yangu alikuwa anatusomea kwa sauti baada ya kanisa, chai mkononi, na akifika mahali pa Thatcher, mamangu anatoka jikoni kuja kusikiliza. Wahome naye alikuwa anaandika Kiingereza vile watu wa kwao wanakitamka, herufi moja ikichukua mahali pa nyingine. Ukikisoma kimya hukielewi, ukikisoma kwa sauti nyumba nzima inacheka. Huyo mtu aliwahi kufungwa miaka ya themanini, akatoka, akaendelea kuchekesha. Alifariki 2003. Sikujua kama kuna mwenzake Ayalandi.

BintiUluguru

Kinyozi, asante sana kwa hilo. Umenifanya nimwone baba yako na ile chai. Na huku pia Ross ana babu yake wa safuni: kuanzia 1940 hadi 1966, kwenye The Irish Times hiyohiyo, Brian O'Nolan aliandika safu ya kuchekesha kwa jina la Myles na gCopaleen. Alikuwa mtumishi wa serikali mchana, na safu yake ikawa inaichana serikali. Kabla yake karne mbili kuna Jonathan Swift, mkuu wa kanisa la St Patrick hapahapa Dublin, ambaye mwaka 1729 aliandika kwa sauti ya mchumi mpole anayependekeza watoto wa maskini waliwe. Naye hakumtukana yule mchumi. Alimwacha aongee mpaka mwisho.

Nimesema mengi ya zamani, nirudi 2008.

Tangu katikati ya miaka ya tisini Ayalandi ilikuwa inapaa. Makampuni ya Marekani, kodi ndogo, ajira, na juu ya yote, nyumba. Kila mtu alikuwa anajenga, ananunua, anakopa kununua ya pili. Benki zilikuwa zinakopesha wajenzi kama vile fedha inaota. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008 serikali ikalazimika kuzidhamini benki, dhamana ya kama euro bilioni 440. Ukosefu wa ajira ukapanda mpaka kama asilimia 15. Bei ya nyumba ikaanguka karibu nusu. Mwaka 2010 walipohesabu mitaa ya nyumba zilizoachwa bila kumalizika walikuta zaidi ya 2,800 nchi nzima. Barabara za lami zinazoishia kwenye nyasi. Novemba mwaka huohuo nchi ikachukua mkopo wa kuokolewa, mpango mzima ulikuwa wa euro bilioni 85.

Sasa tazama Ross alikuwa wapi. Mwaka 2010 ilitoka The Oh My God Delusion. Ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Uchumi umeanguka, watu wanalia, na Ross ana biashara inayochanua: kuharibu nyaraka. Gari linakuja, linasaga makaratasi, linaondoka. Hebu fikiri, wakuu. Nchi nzima inauliza fedha imekwenda wapi, na shujaa wetu anapata riziki kwa kusaga majibu. Na haoni chochote cha ajabu. Kwake ni ajira nzuri yenye mashine yenye kelele.

Rafiki yake JP, ambaye kwao ni kampuni ya kuuza nyumba, katika vitabu vya miaka hiyo anageuka kuwa mtu wa kwenda kunyang'anya mali za walioshindwa kulipa. Mkono uleule uliowapa funguo unarudi kuchukua televisheni.

Kuna mzee mmoja kazini, simtaji wala sisemi zaidi ya hili: alikuwa fundi seremala. Macho yamemwishia, basi zamu ikiwa shwari namsomea. Nilimsomea kipande cha zile nyaraka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Halafu akanyamaza muda mrefu, mikono yake juu ya blanketi, anapapasa pindo kama anapima ubao. Akaniambia kuna nyumba 14 alizofunga milango na hakulipwa hata moja. Akasema, endelea. Nikaendelea.

Ndugu wa Ilala, ndiyo maana nasema imeuma. Waliocheka 1998 walikuwa wanacheka kijana wa shule. Kufikia 2010 ilikuwa ni wao wenyewe, mikopo yao, benki zao. Kitabu hakikubadilisha sauti hata kidogo. Ross ni yuleyule. Waliobadilika ni wasomaji.

Chaki Nyeupe

Hiyo sentensi ya mwisho naichukua darasani kesho, kwa ruhusa yako.

Mtoto wa Ilala

Nimekuelewa dada, na habari ya yule mzee imenigusa. Lakini bado nina neno. Huko kaskazini, uswahilini kwao, wanaonekanaje kwenye vitabu hivyo? Maana mimi ni mtoto wa uswahilini, na najua tunavyochorwa na watu wa ushuani: mwizi, mlevi, mwenye kelele.

BintiUluguru

Hapa una haki na sitaki kumtetea mwandishi zaidi ya anavyostahili.

Ross ana mtoto wa kiume, Ronan, aliyempata na mwanamke wa kaskazini akiwa bado shuleni, na hakujua habari zake mpaka mtoto amekua. Ronan ana lafudhi ya kaskazini, inaandikwa kama inavyotamkwa, anamwita baba yake "Rosser", na anaabudu majambazi. Ndiyo, kuna kurasa ambazo watu wa kaskazini ni genge na vurugu tu, na wakati mwingine nachoka. Na namna Ross anavyowazungumzia wanawake, hata kama tunajua kwamba anayeaibika ni yeye, ukisoma vitabu vinne mfululizo inakera. Mimi nilipumzika miezi mitatu.

Lakini angalia hili. Ronan ndiye mtu mwenye akili kuliko wote katika ukoo ule. Na mapenzi ya Ross kwa mtoto huyo ni ya kweli, hana hila hata chembe. Kijana aliyelelewa kuogopa kuvuka mto anauvuka kila wiki kwenda kumwona mwanawe. Anapotoshwa na kila kitu isipokuwa hapo. Ndiyo sababu, mwalimu, hatumchoki. Angekuwa mjinga mwenye roho mbaya, kitabu kimoja kingetosha.

Vitabu vya mwisho mwisho, ambapo Charles anaanzisha chama na kuwa waziri mkuu, mimi naona vimezidisha chumvi. Charles wa bahasha alinitisha zaidi kwa sababu yule ningeweza kukutana naye kwenye foleni ya benki. Wengine huku hawakubaliani nami, wanasema hivyo ndivyo bora.

Kuhusu Howard mwenyewe: ni wa kusini, lakini alikulia Ballybrack, kwenye nyumba za halmashauri. Kwa hiyo wale wa Foxrock aliwaona kwa karibu bila kuwa mmoja wao. Nadhani masikio yake yalianzia hapo.

Mzee wa Gati

Wanangu, mimi nasoma polepole lakini nimefika. Binti, vitabu hivi vipo kwa Kiswahili? Kiingereza cha kuandikwa ovyo ovyo kitanishinda.

BintiUluguru

Shikamoo mzee wangu. Kwa Kiswahili sijaviona. Nimejaribu mwenyewe kurasa tano za The Oh My God Delusion, kwa kujifurahisha tu. Lafudhi niliitafutia njia: nimemfanya Ross aongee kama vijana wetu wa shule za kimataifa, wale wanaosema "yaani" kila baada ya neno na "r" imekunjwa ulimini. Inakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nilipokwama ni kwenye majina. Ile kampuni ya nyumba ya kwao JP inaitwa Hook, Lyon and Sinker. Yanaonekana kama majina ya ukoo ya mabwana watatu. Lakini ukiyatamka haraka ni maneno ya wavuvi: ndoano, uzi wa kuvulia, na kile kipande cha risasi kinachozamisha uzi. Kwa Kiingereza mtu aliyeingia mkenge mzima mzima husemwa amemeza vyote vitatu. Kampuni inauza nyumba na bango lake linamwambia mnunuzi kwamba ameshaliwa, naye anatia saini. Mimi ni wa milimani, hilo la risasi hata jina lake silijui.

Mzee wa Gati

Marahaba binti. Linaitwa chubwi. Na uzi tunauita mshipi. Nimevua Tanga tangu nina miaka tisa, baba alikuwa anayeyusha risasi mwenyewe kwenye kopo la maziwa, anaimimina kwenye kitundu cha mchanga uliolowa, ikipoa unaitoa ina umbo la kokwa ya tende.

Samaki akimeza ndoana tu, unamchomoa. Akimeza mpaka chubwi limekaribia mdomo, huyo hachomolewi, huyo unampasua.

Waite Chambo, Mshipi na Chubwi. Chambo ni jina la watu, wako Wapare wanaitwa hivyo, kwa hiyo msomaji ataanza kwa kuamini. Akifika kwa Chubwi ameshachelewa.

BintiUluguru

Mzee wangu! Nimekaa na hilo jina tangu jana. Nimelisoma kwa sauti jikoni mara kadhaa. Linaanza kwa heshima kama ofisi ya mawakili halafu linazama.

Nimelifuta nililokuwa nimeandika, nimeliandika lako kwa penseli pembeni mwa ukurasa, na chini yake nimeandika "kutoka kwa mzee wa Tanga". Jumamosi nina zamu ya usiku. Nikimaliza ukurasa wa sita nitauweka hapa.

Kinyozi254

Tunangoja huo wa sita, dadangu.